Koti la Reli na Kuni za Wakwe

Baba alipotolewa kazini kwenye reli, tulipoteza kuni kabla hatujapoteza nyumba. Katika kambi ya reli, siku ya poso, mgao wa chakula, kila familia ilipewa unga, samaki wakavu, mawese na chumvi, na baadaye gari la kuni lilipita likimwaga fungu moja mbele ya kila mlango. Juma lile gari lilipita mbele ya mlango wetu bila kusimama. Mama alikuwa amekwisha kutoka nje, kitambaa kimefungwa kiunoni, tayari kwa kupanga kuni. Alisimama pale kidogo, kisha akainama na kuanza kuokota magome na vijiti vilivyodondoka kutoka kwenye fungu la jirani, kana kwamba hicho ndicho kilichomtoa nje. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilirudi ndani haraka asije akajua kwamba nimemwona.

Baba alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo za kwenda Sakania. Macho yake yaliingia ukungu. Taa nyekundu na taa ya kijani zikaanza kufanana, na mtu wa breki asiyeweza kutofautisha taa hana kazi. Walimwacha aondoke na koti lake. Lilikuwa koti la sufu nyeusi, zito, refu hadi magotini, lenye vifungo vya shaba, na kola yake ukiisimamisha ilifunika masikio. Tulihamia sité, mtaa wa watu weusi ng'ambo ya mji wa Wazungu, kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye mabati yasiyo na dari. Kati ya ukuta na mabati palikuwa na pengo ambalo mkono ulipita bila kugusa kitu.

Aliyezaliwa mahali pa joto hawezi kujua baridi ya mji wetu wa Élisabethville. Mvua zikishakwisha, mbingu inakuwa safi kabisa, na mwezi wa sita unapofika upepo unateremka kutoka uwanda wa Luano na kuingia ndani ya kila kitu. Asubuhi majani huwa meupe. Maji ya kunawia uliyoyaacha nje yanakuwa na ngozi nyembamba ya barafu, ukiigusa inavunjika kama kioo. Mchana jua linawaka na unasahau, halafu saa kumi na moja jioni linazama na baridi inarudi.

Mama alipambana nayo kwa alichokuwa nacho. Alichanganya udongo wa kichuguu na majani makavu akaziba lile pengo chini ya mabati, akaacha tundu moja juu ya mlango ili moshi utoke, maana kila mtu pale sité alijua nyumba ambayo watu walijifungia ndani na mbabula, jiko la makala, yaani mkaa, ikiwaka na hawakuamka. Jioni alipasha matofali motoni, akayafunga kwa matambara na kutuwekea miguuni. Makala yalikuwa kitu cha wenye kazi. Sisi tulichoma unga wa mbao.

Jirani yetu alikuwa fundi seremala, mungwana, Mwislamu mzaliwa wa Maniema, aliyeswali chini ya kibanda chake kati ya milango na vitanda ambavyo havijakwisha. Mama alimfagilia karakana kila jioni na yeye akamwachia unga wote ulioanguka chini ya msumeno. Alimwonyesha pia namna ya kuuchoma. Unachukua kopo kubwa la mafuta, unatoboa tundu ubavuni chini, unasimamisha chupa katikati, unashindilia unga kuizunguka hadi juu, kisha unaichomoa chupa polepole. Linabaki shimo. Ukiwasha kwa chini, ule unga unakula moto kimyakimya bila miali, na kopo linatoa joto kuanzia jioni hadi watu wote wamelala. Lakini lazima unga uwe mkavu. Ukiwa wa mti mbichi, unatoa moshi tu.

Usiku koti la baba lilikuwa letu. Tulilala wasichana wanne kwenye mkeka mmoja: yaya, yaani dada yetu mkubwa, mimi, na wadogo wetu wawili. Taa ikishazimwa, tulisikia vifungo vya koti vikigongana gizani, halafu uzito wake ulitushukia wote kwa pamoja, pamoja na harufu ya makaa ya treni na tumbaku. Kabla hakujapambazuka baba alilichukua tena. Mchana hatukumwona hata mara moja bila koti, hata jua la saa sita lilipotufanya sisi tutafute kivuli. Watu walisema ni majivuno ya reli. Mimi pia nilidhani hivyo, na nilijivuna pamoja naye. Chini ya koti ilionekana kola nyeupe iliyopigwa pasi, na nilipenda kuiona ile kola.

Katika msimu ule wa kwanza wa baridi, kijana mmoja wa kambi ya wachimba shaba alianza kumtazama yaya baada ya misa. Alifanya kazi katika karakana ya mashine. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega makubwa, na wazazi wake walitoka kaskazini ya Katanga kama wazazi wetu. Baba yake alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi weusi, na jina la kapita peke yake lilitosha kumfanya mama afue mapazia ambayo hayakuwa machafu. Siku moja kapita alituma salamu: Jumapili watakuja, yeye, mwanawe, na mama yake mzee aliyetoka mtoni huko kaskazini karibuni tu, ili waone nyumba.

Asubuhi ya Jumapili ile mama alishika unga wa mbao mkononi, akaufinya. Ukabaki umeshikana kama unga wa ugali. Fundi alikuwa amepasua mti mbichi juma lote.

"Hii haitawaka muzuri," alimwambia baba. "Niende kwa mama wa pale ngambo, aniazime makala kidogo ju ya mangaribi."

"Bakwe banakuja kuona nyumba yetu," baba alisema. "Habakuje kuona makala ya bantu bengine."

"Na baridi?"

"Batakwenda mbele ya baridi."

Hawakuenda kabla ya baridi. Walichelewa kufika, kisha kukawa na salamu, na habari za kaskazini, nani amekufa na nani amezaa, na kapita alikuwa mtu wa kupenda kusikika. Alituambia juu ya mashine alizosimamia na juu ya Mzungu wake ambaye hakuweza kufanya kitu bila yeye. Baba alikaa wima ndani ya koti lake na kujibu taratibu. Alisimulia kazi yake ya reli kana kwamba bado anaifanya, na hakuna aliyemuuliza. Yaya alipiga magoti akapeleka sahani ya karanga. Kijana alichukua karanga moja tu, akaishika mkononi muda wote ule.

Jua lilipozama, mama hakuwa na njia nyingine. Aliingiza kopo ndani na kuliwasha.

Moshi ulitoka mweupe, mzito, wenye harufu ya utomvu. Tundu la juu ya mlango halikuweza kuumeza. Ulijaa chini ya mabati kisha ukaanza kushuka, na macho ya kapita yakaanza kutoa machozi. Alikohoa, akapunga hewa kwa kofia yake.

"Mama, muko munachoma nini humu?"

"Ni ya mbao," mama alisema. "Itatulia."

Haikutulia. Alifungua mlango ili moshi utoke na baridi ikaingia yote. Ndipo tulipoona kwamba yule mzee, bibi wa kijana, ambaye kwa lugha yetu ni nkambo, alikuwa anatetemeka. Alikuwa amejifunga kitambaa cha pamba tu mabegani, kama watu wanavyojifunga kule mtoni. Meno yake yalikuwa yanagongana na alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu ili tusisikie.

Baba alimtazama. Alikuwa haoni vizuri, lakini lile aliliona. Alisimama, akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja. Mama alisema kwa sauti ya chini, "Baba ya batoto." Baba alilivua koti, akaenda hadi kwenye kiti cha mzee, akamfunika mabega, akamsimamishia kola hadi masikioni.

"Nkambo, ota moto," alisema.

Kisha akageuka kurudi kwenye kiti chake, na sisi wote tukaona mgongo wake.

Ile kola nyeupe ilikuwa imeshonwa juu ya gunia. Mama alikuwa amechukua kola na mikono ya shati la zamani akaviunga kwenye gunia la unga wa ngano, lile la kitambaa ambalo duka la mikate hulitupa, na katikati ya mgongo wa baba, kutoka bega hadi bega, kulikuwa na herufi kubwa za buluu. Mimi nilikuwa nasoma kwa masista. Niliweza kuzisoma. Kapita naye aliweza, na kwa kuwa ni mtu aliyezoea kusoma kila sanduku linalopita mbele yake, mdomo wake ulitamka kabla hajauzuia.

"Farine," alisema, unga kwa Kifaransa.

Baba alikaa. Kijana alitazama karanga yake. Yaya aliinuka, akachukua sahani ambayo bado ilikuwa imejaa, akatoka nayo kwa mlango wa nyuma, na hakurudi. Uso wangu uliwaka hadi nikahisi kwamba kama ningeukaribia ule unga mbichi ungeshika moto. Nilitaka baba aseme jambo, acheke, aseme shati lake limefuliwa, aseme lolote. Alisema, "Tulikuwa tunaongea nini?" na sauti yake ilikuwa ile ile. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko herufi.

Waliondoka upesi baada ya hapo. Kwa desturi yetu mwenye nyumba huwasindikiza wakwe hadi barabara kubwa. Baba aliwasindikiza. Mama alitoka mbio na blanketi, akamfikia kwenye kona, akajaribu kumtupia begani. Baba aliusukuma mkono wake kwa upole na kuendelea kutembea kati ya nyumba, majirani wakiwa nje kila mmoja na mbabula yake, na herufi ya kwanza na ya mwisho zikionekana kila upande wa mabega yake. Nkambo alitembea mbele yake, mdogo ndani ya koti, pindo likifagia vumbi. Barabarani waliagana. Mzee aliondoka na koti.

Baba alirudi, akakaa. Mama alingoja.

"Hakurudisha," mama alisema mwishowe.

"Hakujua kama ni ya kurudisha."

"Na wewe hukumwambia."

"Nimwambie namna gani?" baba aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nimuvue mama ya muntu koti mu barabara?"

Juma lililofuata lilikuwa la baridi kali kuliko yote. Wanawake wa Kasungami walioleta mboga sokoni walisema majani yao yameungua kama yaliyopitiwa na moto. Mama aliomba mifuko ya saruji mahali palipojengwa, akaikung'uta, akaipanga karatasi juu ya karatasi, na kuishona katikati ya vitambaa viwili vya zamani. Ilikuwa blanketi yetu. Ilihifadhi joto, siwezi kusema haikuhifadhi, lakini mtu akigeuka tu ilipiga kelele, na ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba. Asubuhi watoto wa jirani walikunja karatasi mikononi tulipopita, wakaifinya karibu na masikio yetu, wakacheka. Usiku nilijifunza kulala bila kujigeuza. Wadogo zangu hawakuweza kujifunza, na kila waliposogea nililaani ile karatasi kimoyomoyo.

Baba hakutoka. Mama alisugua lile shati kwa majivu na ndimu, herufi zikafifia na kuwa kijivu, lakini zilisomeka. Jumapili alisema anaumwa mgongo, hakwenda misani. Kulikuwa na duka la Mgiriki mjini lililotafuta mlinzi. Rafiki yake mmoja wa reli alikuja kumwambia. Baba alimshukuru, akasema atakwenda, na hakwenda. Mlinzi bila koti katika mwezi wa saba, nani atamchukua? Hakusema hivyo. Alikaa kando ya kopo, blanketi begani, mgongo ukiwa ukutani.

Ndipo ikaja habari kwamba nkambo anaugua kifua. Mama alifunga karanga kwenye kikapu na mayai machache juu yake. Yaya alimwona na kuelewa.

"Mama, unaenda kuomba koti."

"Ninaenda kusalimia mugonjwa."

"Ukiomba ile koti, minakufa na haya. Hata banioa, batasema kila siku: ni ule wa koti."

"Minakuambia ninaenda kusalimia mugonjwa," mama alisema, kisha akanitazama mimi. "Weye, kuja."

Njiani mama alitembea mbele, kikapu kichwani. Nilijua atalitaja. Nilikuwa natunga maneno kwa ajili yake kichwani, maneno laini, ya kuzungukazunguka, na kila nilipoyafikisha kwenye neno koti nilisimama.

Kambi ya wachimba shaba ilikuwa na nyumba za matofali ya kuchoma, zimepangwa kwa mistari, na kando ya kila mlango kulikuwa na rundo la kuni lililofika kifuani. Nilizitazama zile kuni kama watoto wengine wanavyotazama mikate. Ndani ya nyumba ya kapita kulikuwa na joto hadi nikasikia vidole vyangu vikiuma kwa kuamka. Mama wa kijana alitupokea, akachukua kikapu kwa mikono miwili, akatupeleka chumbani.

Nkambo alikuwa amelala na koti. Alilivaa, vifungo vyote vimefungwa hadi kidevuni, na blanketi mbili juu yake. Pumzi yake ilikuwa na sauti ya maji. Alimshika mama mkono na hakuuachia.

"Njo weye bibi ya ule bwana," alisema, akimtambua mama kuwa mke wa baba. "Umuambie: ile koti njo inaniponesha. Tangu nilifika mu hii muji ya baridi, bantu bote bananiambia utazoea, utazoea. Yeye peke njo alitoa yake akanipa. Umuambie."

"Nitamuambia, nkambo."

"Iko moto, hii koti."

"Ndiyo, nkambo," mama alisema. "Iko moto."

Nilimtazama mama. Nilingoja. Alirekebisha kola ya koti pale ilipokuwa imekunjika chini ya shingo ya mzee, kwa uangalifu, kama alivyozoea kumrekebishia baba, halafu akasema tunapaswa kwenda kabla jua halijazama. Nilijua jambo limekwisha, koti halitarudi, na niliona aibu kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwa kuwa hakuomba.

Nje, mama wa kijana alikuwa amefunga kuni mafungu mawili kwa kamba ya gome, moja kubwa na moja dogo.

"Kamateni."

"Hapana, mama. Tulikuja kusalimia tu."

"Kamateni," alisema tena, na kisha, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Bwana yangu aliniambia moshi ya kwenu."

Mama aliinama, nikamtwika, kisha akanitwika mimi. Nilipenda kuwa na kuni na nilitamani ardhi ipasuke, vyote viwili kwa wakati mmoja, na sijui hadi leo kama mtu anaweza kuvitenganisha.

Kwenye lango la kambi alisimama mlinzi mwenye rungu na kofia nyekundu. Kuni za poso hazikuruhusiwa kutoka kambini. Hatukujua, au mama alijua na akasahau kwa sababu ya kuona haya. Mlinzi alituzuia kwa rungu lake.

"Weye mama. Hizi kuni munaiba kwa nani?"

"Hatukuiba."

"Muko ba hapa?"

"Hapana."

"Basi nani alibapa?"

Mama angetaja nyumba ya kapita, angemtia kapita matatani, na angekuwa amesema mbele ya watu kwamba wakwe zake wanamlisha moto kabla hawajaleta hata kitambaa cha kwanza cha mahari. Alisimama na fungu kichwani, shingo imenyooka. King'ora cha kazi kililia na wafanyakazi wakaanza kumiminika, weusi kwa vumbi na grisi, wakapunguza mwendo kutuangalia. Nilisikia mmoja akisema, "Bezi ba kuni," wezi wa kuni. Mwingine alicheka. Mlinzi, kwa kuwa sasa alikuwa na watazamaji, alipaza sauti.

"Tua! Tua chini hizi kuni, tuende ku ofisi!"

Mama hakutua. Mimi niliangusha fungu langu, kwa woga, na kuni zikatawanyika kwenye miguu ya watu.

Kijana alitokea katikati yao. Mwanzo hatukumtambua, uso wake ulikuwa wote mafuta. Alitazama mama, akanitazama mimi na zile kuni chini, na akamgeukia mlinzi.

"Hawa ni bakwe bangu. Kuni, njo mimi nilibapa."

"Bakwe?" mlinzi alisema. "Tangu lini? Tulisikia mulienda kuomba musichana tu. Ulishatoa nini?"

Watu walicheka sana. Kijana hakucheka na hakukasirika. Alipiga magoti pale mavumbini, mbele ya rafiki zake wa kazi, akaokota kuni zangu kijiti kwa kijiti na kuzifunga tena. Akasimama, akalichukua fungu kubwa kutoka kichwani kwa mama, akaliweka kichwani kwake mwenyewe. Mwanamume mzima, fundi wa mashine, na kuni kichwani. Kicheko kikaisha.

"Mama, tuende," alisema.

Mlinzi alichomoa magogo matatu mazuri kutoka kwenye fungu, akayaweka kando ya kibanda chake kwa ajili ya moto wake, akatuachia njia.

Kijana alizibeba hadi sité, akipita katikati ya mtaa na jua linazama. Kila mlango ulikuwa na watu. Mama alitembea nyuma yake ameinamisha kichwa, na ingawa hakuwa amebeba kitu, alitembea kama aliyebeba. Nyumbani baba alikuwa kwenye kiti chake, blanketi begani. Alisikia mzigo ukiwekwa chini na akauliza nani.

"Ni mimi, baba," kijana alisema.

"Hizo kuni zinatoka wapi?"

"Kwetu."

Baba alivuta blanketi begani. "Mwanangu, tusichanganye. Hii haiko mahari."

"Haiko mahari, baba. Iko ya kuota tu."

Yaya alikuwa nyuma ya pazia. Nilimwona ameshika mdomo kwa mikono miwili. Kijana hakumtafuta kwa macho. Aliaga kwa heshima, akakataa hata maji, akarudi kambini gizani.

Mama alitenga kuni mbele ya mlango na kuwasha moto wa kweli, wenye miali, wa kwanza tangu tulipotoka kambi ya reli. Tulikaa kuuzunguka. Ulitupasha hadi mifupani. Wadogo zangu walilala wameketi. Baba naye alisogea mwishowe, akageuza mgongo kwenye moto kama watu wazima wanavyofanya, blanketi likateleza, na zile herufi za kijivu zikatuangalia kwenye mwanga. Mama alinyoosha mkono kupandisha blanketi. Baba alisema, "Acha. Kunapata moto vile." Aliacha. Tukabaki tunaota, na hakuna kati yetu aliyeinua macho.

Nkambo alipona. Mvua zilipoanza, alirudi kaskazini kwa treni, na koti alikwenda nalo, kule mtoni ambako mtu halihitaji hata usiku. Baba alimsindikiza hadi stesheni ambako alikuwa amefanya kazi, akamshika mkono akipanda. Kwenye duka la Mgiriki alichukuliwa mtu mwingine. Baba alipata kazi baadaye, ya kupanga mbao kwa fundi, akizitambua kwa vidole. Fundi ndiye aliyetuandalia chakula cha ndoa, kwa kuwa alisema jirani hawezi kuoza binti mikono mitupu na yeye akiwa yupo. Mahari yaliletwa yote, na kapita aliyakabidhi kwa maneno mengi mazuri, wala hakutaja ile Jumapili hata kwa mzaha. Nilimshukuru kwa hilo, na bado siwezi kumfikiria bila uso kupata moto.

Yaya aliishi katika nyumba ya matofali ya kuchoma, na rundo la kuni kando ya mlango wake. Alipata mtoto wa kwanza, wa pili. Kila mwaka, mvua zilipokoma na upepo ukaanza kuteremka, alituma mtu kwa mama: aje kukaa naye, watoto wanamuulizia, nyumba ina joto. Mama alijibu kila mara kwamba ana kazi ya kumsaidia fundi, kwamba miguu inamuuma, kwamba atakuja karibuni. Alikwenda kumtembelea mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali na hakuna anayetaka moto, na alipita kando ya zile kuni bila kuzitazama.